Ndoto Haihitaji Mkalimani

Ukiota meno yanang'oka, ndugu atakufa. Ukiota harusi, jiandae na msiba. Ukiota samaki, kuna mtu kwenye ukoo ana mimba. Ukiota unakula nyama, umelishwa na wachawi. Ukiota nyoka, ni adui. Na ukiota umerudi shule ya msingi, umevaa kaptula, wakati una watoto watatu na mkopo wa benki, basi kuna mtu anakurudisha nyuma kimaendeleo, jina lake mtumishi analijua, piga namba unayoiona hapo chini.

Hakuna mwenye simu ambaye hajakutana na orodha hii. Iko kwenye vijitabu vinavyouzwa stendi pamoja na karanga. Iko redioni usiku wa manane. Iko kwenye video fupi zenye muziki wa kutisha. Wengine wameivalisha kanzu, wengine suti, wengine kaniki. Mavazi ni tofauti, biashara ni ileile: unaleta ndoto, unaondoka na maana yake, na mara nyingi unaondoka na mtu wa kumwogopa.

Naandika makala hii kuipinga biashara hiyo. Wala sisemi ndoto ni upuuzi, maana ningekuwa naamini hivyo ningewaacha wapiga debe wake wale riziki yao kwa amani. Nasema ndoto ni kitu cha thamani mno kukabidhiwa mtu mmoja akutafsirie. Ndoto inasomwa. Na inasomeka vizuri zaidi watu wachache wanapokaa pamoja kuisoma, huku mwenye ndoto akibaki na neno la mwisho.

Tuanze na lugha yenyewe. Tunasema "tafsiri ya ndoto". Ni neno hilohilo tunalolitumia kwa riwaya iliyotolewa kwenye Kirusi ikaletwa kwenye Kiswahili. Yaani kabla hata hatujaanza tumeshakubali kwamba ndoto imeandikwa kwa lugha ya kigeni, kwamba aliyeiota haijui lugha hiyo, na kwamba yupo mtu mahali fulani anayeijua. Ukishakubali hayo matatu, kilichobaki ni bei tu.

Wazee walikuwa na neno jingine, kuagua. Kuagua ndoto, na kuagua mgonjwa. Neno hilo lina afadhali, kwa sababu mgonjwa haaguliwi kwa redio, lazima aonekane. Sasa hivi hata hilo limetutoka. Na neno "ndoto" lenyewe nalo limeporwa na upande wa pili, wale wahamasishaji wa "timiza ndoto zako". Kwenye kurasa tunazoandika sisi waandishi wa habari, ndoto ni cheo, ni kiwanja, ni kombe. Ndoto za ubingwa zimeyeyuka, tunaandika, na hakuna aliyelala. Kati ya mtumishi na mhamasishaji, ile ndoto ya kweli, ile ya kitandani, imekosa pa kukaa.

Sisi wapenzi wa fasihi tusijifanye wasafi hapa. Ugonjwa huu tumeulea darasani. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajibu swali la Takadini bila kuifungua Takadini, kwa sababu ana kijitabu cha uhakiki kinachomwambia dhamira ziko tano, ujumbe ni huu, falsafa ya mwandishi ni ile. Anakariri, anapata alama, anamaliza shule akiamini kwamba hadithi ni kisanduku chenye jibu ndani na mwalimu ndiye mwenye ufunguo. Mpe mtu huyohuyo Nagona ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, riwaya inayokwenda kama ndoto inavyokwenda. Atakuuliza swali moja tu: "Sasa huyu alikuwa anamaanisha nini?" Akiota usiku, swali linakuwa hilohilo. Na kwa kuwa shule haikumpa kijitabu cha uhakiki wa ndoto, ananunua cha stendi.

Ajabu ni kwamba mabingwa wakubwa wa fani hii, wale ambao majina yao yanatumika kuuzia vijitabu, wao wenyewe hawakuamini orodha kavu. Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2, aliandika vitabu vitano juu ya ndoto. Alisisitiza kwamba anayeagua lazima kwanza ajue mwenye ndoto ni nani: kazi yake, umri wake, afya yake, mali yake, amezaliwa katika hali gani. Ndoto moja kwa tajiri na kwa mtumwa haikuwa ndoto moja.

Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, ndiye jina kubwa kuliko yote katika misikiti na maduka yetu ya vitabu. Wanazuoni wengi wanaona kwamba kile kitabu kikubwa cha ndoto kinachouzwa kwa jina lake hakukiandika yeye. Na katika visa vinavyosimuliwa juu yake, kipo kimoja kinachotosha kulifunga duka zima. Watu wawili walimjia, kila mmoja kwa wakati wake, wote wameota wanaadhini. Mmoja akamwambia utakwenda kuhiji. Wa pili akamwambia utakatwa mkono kwa wizi. Alipoulizwa imekuwaje, akajibu kwamba aliwatazama watu wenyewe. Sasa niambieni, video ya dakika moja iliyotazamwa na watu laki mbili imemtazama nani?

Na Sigmund Freud, ambaye kitabu chake cha ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899 kikiwa kimeandikwa 1900 kwenye jalada, aliikataa waziwazi njia ya kufumbua ndoto kipande kwa kipande kwa kutumia orodha. Alimtaka mwenye ndoto aseme mwenyewe kila kipande kinamkumbusha nini. Hilo ni deni letu kwake. Ila baada ya hapo alimlaza mgonjwa kwenye kochi, akaketi nyuma yake, na mwenye kujua akabaki mmoja chumbani. Kochi liligeuka madhabahu, kwa ada ya juu zaidi.

Aliyeitoa ndoto kwenye chumba hicho akaiweka katikati ya watu ni daktari wa akili wa Marekani, Montague Ullman. Mwaka 1962 alianzisha maabara ya ndoto katika hospitali ya Maimonides, Brooklyn. Katika miaka ya 1970 akaondoka kwenye maabara, akaanza kufundisha watu wa kawaida kukaa kwenye duara na kuzisoma ndoto zao, kwanza akiwafundisha wanafunzi huko Uswidi, kisha kwao Marekani. Kitabu alichokiandika pamoja na Nan Zimmerman kuhusu njia hiyo kilitoka mwaka 1979. Msimamo wake ulikuwa kwamba ndoto ni mali ya umma kama afya ilivyo mali ya umma, na kwamba mtu hahitaji shahada ili kumsaidia mwenzake kusikia ndoto yake.

Njia yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mmoja anajitolea kusimulia ndoto, ya karibuni, bila kuipamba. Wenzake wanauliza maswali ya kuiona vizuri tu: ilikuwa mchana au usiku, yule mtu unamfahamu, nguo ilikuwa rangi gani. Kisha mwenye ndoto ananyamaza. Wenzake wanaichukua ndoto, kila mmoja anaifanya yake. Hakuna anayeruhusiwa kusema "ndoto yako inamaanisha". Unasema, "Kama ndoto hii ingekuwa yangu," halafu unasema ungejisikiaje, kisha picha zile zingekukumbusha nini katika maisha yako wewe. Mwenye ndoto anasikiliza, anachukua kinachomgusa, anaacha kisichomgusa. Baadaye anarudishiwa uwanja: anazungumza akitaka, anaeleza siku zilizotangulia ndoto zilikuwaje, anasomewa ndoto yake tena taratibu, anaongeza. Muda wowote anaweza kusema basi, inatosha. Na hatakiwi kutoa sababu.

Kwa jicho la haraka, kile kifungu cha "kama ingekuwa yangu" ni adabu tu. Kwangu ndicho kinachobeba njia nzima. Kinamnyang'anya kila mtu chumbani cheo cha ujuaji. Huwezi kumtabiria mtu kifo cha shangazi yake kwa kifungu hicho. Huwezi kumtajia adui. Ukisema neno la kikatili, umelisema juu ya nafsi yako.

Tangu mwaka juzi nakutana na wenzangu sita, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyumbani kwa mmoja wetu Tabata. Yupo muuguzi mstaafu, mwalimu wa sekondari, fundi cherehani, mhasibu, wanafunzi wawili wa chuo na mimi. Simu zinabaki kwenye kapu mlangoni. Chai ipo, maandazi yapo, mtumishi hayupo.

Ndoto za wenzangu si zangu kuzitoa, hiyo ni sheria. Natoa yangu. Niko chumba cha habari, usiku, gazeti linakaribia kwenda mtamboni. Nimeshika jiko la mkaa kwa mikono miwili. Mkaa umekolea, mwekundu, na natafuta mahali pa kulitua. Kila meza ina mtu anaandika na hakuna anayeinua kichwa. Mhariri ananiambia bila kunitazama, "Liweke hapo kwenye picha," ananionyesha rundo la picha za magazeti ya zamani. Nikagundua mikono yangu haiungui. Hapo ndipo nilipoamka.

Muuguzi alianza. "Kama ndoto hii ingekuwa yangu, ningekuwa na hasira na hao wanaoandika. Jiko linapita mbele yao, hakuna hata aliyesogeza kiti." Mwanafunzi mmoja akasema kama ingekuwa yake ingemtisha ile mikono, kwa sababu kitu cha kuuma kikiacha kuuma, hiyo si nafuu. Mwalimu akacheka kidogo, akasema yeye angeona fahari, kwamba amebeba kitu ambacho hakuna mwingine ofisini angekiweza. Fundi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ingekuwa yangu, ningejiuliza sufuria iko wapi. Mkaa wote huo umekolea na hakuna kinachopikwa."

Mimi nilitakiwa kunyamaza, nikanyamaza, lakini kwenye sufuria koo lilinikaza. Mama yangu alikuwa mgonjwa miezi minne. Nilikuwa natoka kazini saa mbili usiku naenda hospitali, narudi nyumbani saa tano, asubuhi niko kazini. Wadogo zangu wakipiga simu kuuliza hali, nawajibu tunaendelea vizuri. Fundi hakujua lolote kuhusu mama. Aliitafuta sufuria ya ndoto yake mwenyewe, na swali lake likanifikia mimi. Wiki ileile niliwaita wadogo zangu tukakaa, tukagawana zamu za hospitali na gharama zake.

Baadaye, kwa udadisi wa kikazi, niliingia mtandaoni kutafuta maana ya kuota moto kazini. Majibu yalikuwa mengi na yalifanana kama sare za shule: maadui wa ofisini, mtu anakitaka kiti chako, vita ya kiroho. Ningeyafuata hayo, Jumatatu ningemkuta jirani yangu wa meza na kumtazama kwa jicho la pembeni, mtu ambaye kosa lake lingekuwa kukaa karibu na ndoto yangu.

Hapo ndipo mzaha unapoisha. Nchini kwetu neno "ramli chonganishi" halihitaji kuelezwa. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ya Tanzania ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Kwa miaka mingi kabla na baada ya hapo, vikongwe wa Shinyanga, Mwanza na mikoa ya jirani wameuawa kwa sababu mtu fulani, akiulizwa nani mbaya wetu, alitaja jina au alielekeza kidole upande wa nyumba yenye bibi mwenye macho mekundu. Mwaguzi wa ndoto anayemwambia mteja "adui yako ni mwanamke wa ukoo wa baba, ni mweusi, ni mfupi" anapiga ramli hiyohiyo. Kubadilisha ungo kwa kipaza sauti hakujabadilisha kitu. Polisi wanamtafuta wa kwanza porini, wa pili tunamfuatilia kwa kubonyeza alama ya moyo.

Na kuna hasara nyingine, isiyoonekana haraka. Ndoto zikienda kwa mwaguzi moja moja, kila mtu na yake, kila mtu na hofu yake, hakuna anayejua kwamba jirani naye ameota hivyohivyo. Hapa namkumbuka mwenzetu wa taaluma, Charlotte Beradt, mwandishi wa habari Myahudi wa Berlin. Baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, alianza kuwauliza watu ndoto zao kimyakimya: fundi nguo, daktari, jirani, muuza maziwa. Alikusanya za watu wapatao 300. Alizificha ndani ya majalada ya vitabu, na kwenye maandishi yake Hitler alimwita "mjomba Hans". Mwaka 1939 alikimbia nchi. Kitabu kilitoka mwaka 1966. Ndani yake yumo mwenye kiwanda aliyeota anahangaika nusu saa nzima kuinua mkono wa saluti mbele ya Goebbels huku wafanyakazi wake wakimtazama. Yumo daktari aliyeota kuta za nyumba yake zimetoweka, na nyumba zote mtaani hazina kuta, kwa amri ya serikali.

Mpeleke huyo daktari kwa mtumishi wetu. Nyumba bila kuta? Ulinzi wako umeondolewa, nani kwenu anakuonea wivu? Daktari angerudi nyumbani akimchunguza shemeji yake. Zilipowekwa pamoja, ndoto zile zilionyesha kitu ambacho hakuna ndoto moja ingeweza kukionyesha peke yake: dola ilikuwa imeingia mpaka kwenye usingizi wa watu. Wazo la namna hiyo ndilo alilolifanyia kazi Gordon Lawrence kule Tavistock, London, kuanzia mwaka 1982. Alikusanya watu kusimulia ndoto mfululizo bila kuuliza ni ya nani, wakisikiliza ndoto zenyewe zinasema nini juu ya mahali wanapoishi na kufanya kazi. Najiuliza madereva wa bodaboda wa Dar es Salaam wanaota nini. Najiuliza wanawake waliorudi kutoka kazi za ndani Oman wanaota nini, na kama wameshawahi kuulizwa na mtu asiyewauzia maji ya upako.

Najua nitakachojibiwa. Wa kwanza atasema: kundi nalo ni hatari. Kweli. Mwaka 1995, kuanzia Pemba mpaka Unguja, watu waliamka usiku wakisema wamekandamizwa na kuingiliwa na Popobawa. Familia zililala nje zimezunguka mioto. Ilisemekana aliyevamiwa asipowaeleza wenzake atarudiwa, kwa hiyo watu walieleza, tena kwa sauti. Hofu ilisimuliwa na kila mtu. Mwisho wake, mjini Unguja, mgonjwa wa akili aliyetoka bara aliuawa na kundi la watu kwa kudhaniwa ndiye. Kusimulia tu hakuokoi. Jinamizi lililosimuliwa na watu elfu moja wanaotafuta mkosaji linazaa mkosaji. Ndiyo maana nasisitiza watu saba chumbani, ndoto moja kwa kikao, na kile kifungu kinachomrudisha kila msemaji kwenye nafsi yake. Ukivunja sheria hizo, umebaki na umati.

Wa pili atanijia na dini, na huyo namheshimu. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka aliyeota ndoto mbaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na asimsimulie mtu, na njema aisimulie kwa anayempenda. Nabii Yaaqub alimuonya mwanawe Yusuf asiwasimulie ndugu zake. Sasa soma vizuri mafundisho hayo yanampa nani mamlaka. Yanampa mwenye ndoto. Ni yeye anayechagua kusema au kunyamaza, na kumchagua wa kumwambia. Kikundi kizuri kinalinda haki hiyohiyo: asiyetaka kusimulia hasimulii, na asiyeaminika haalikwi. Anayeivunja haki hiyo ni yule anayekusomea simu yako hewani mbele ya wasikilizaji wa mikoa 12. Kwa Wakristo nakumbusha kitabu cha Danieli, sura ya 2. Mfalme Nebukadreza aliwaambia waaguzi wake wamwambie kwanza ndoto yenyewe, ndipo ataamini tafsiri yao. Wakashindwa. Hicho ndicho kipimo ningependa kila mteja aende nacho.

Wa tatu ni msomi wa sayansi, atasema ndoto ni kelele za ubongo. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard walitoa nadharia kwamba shina la ubongo linarusha ishara zisizo na mpangilio usingizini, na sehemu ya juu ya ubongo inajitahidi kuzishonea hadithi. Sawa. Lakini nani anashona? Ukinipa vipande vya kitenge vilivyookotwa sakafuni nikashona shuka, vipande ni vya bahati, ushonaji ni wangu. Tena manufaa ya kikao hayategemei ndoto kuwa na ujumbe. Mark Blagrove na wenzake wa Chuo Kikuu cha Swansea, kule Wales, walichapisha mwaka 2019 utafiti wa watu waliojadiliana ndoto wawiliwawili. Aliyeongezeka uwezo wa kumhisi mwenzake, kwa kiasi kilichopimika, alikuwa msikilizaji. Yaani anayenufaika zaidi moyoni ni yule aliyekaa kusikiliza, si yule aliyeota. Mtumishi wa redioni anasikiliza ndoto 40 kwa wiki. Mnaona dalili?

Wa nne ndiye anayenipa tabu kwa sababu yuko upande wangu. Atasema: "Si ndiyo hayo! Wahenga wetu walikuwa wakikaa asubuhi kusimuliana ndoto, wazungu wametuibia." Tuwe waangalifu. Wamarekani wenyewe waliwahi kuingia mtego huo. Mwaka 1951 Kilton Stewart aliandika kwamba Wasenoi wa Malaya wanajadili ndoto kila asubuhi na kwa ajili hiyo wanaishi bila vurugu. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa California wakaunda vikundi kwa kuiga. Kisha wanaanthropolojia waliowajua Wasenoi hasa wakasema hawakuukuta utaratibu huo, na mwaka 1985 G. William Domhoff akaandika kitabu kizima kuionyesha hadithi ile ilivyotungwa. Sihitaji babu wa kubuni ili kitu kizuri kiwe kizuri. Tunacho cha kutosha kisicho cha kubuni: mtambaji anayesema "Hadithi, hadithi!" na hasogei mpaka waliomzunguka wajibu "Hadithi njoo!" Tunajua tayari kwamba hadithi haianzi bila idhini ya wasikilizaji. Tuongeze moja tu, kwamba haiishi bila idhini ya mwenyewe.

Mipaka ipo na niitaje. Anayeota kila usiku ubakaji uliompata, au vita aliyoikimbia, anahitaji daktari kwanza, na kikundi cha marafiki wenye maandazi kisijifanye kliniki. Kikundi hakitabiri, hakiombei, hakitozi. Kikianza kufanya mojawapo ya hayo, ondoka.

Primo Levi, aliyepita Auschwitz, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1947 kwamba kule kambini aliota yuko nyumbani anawasimulia watu wake yaliyompata, nao hawamsikilizi, na dada yake anainuka na kuondoka. Alipomsimulia rafiki yake, akaambiwa na yeye anaota hivyohivyo, na wengine wengi pia. Kila nikikutana na mtu anayesema kusimuliana ndoto ni mchezo wa watu wenye nafasi, namfikiria huyo. Watu waliokuwa wamenyang'anywa kila kitu waliota kwamba hakuna wa kuwasikiliza, na mmoja wao alipothubutu kuisimulia ndoto hiyo, alisikilizwa.

Vilabu vya usomaji vinaongezeka Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa. Kila mwezi vinachagua kitabu. Ombi langu ni moja: mwezi mmoja acheni kitabu rafuni, mmoja wenu alete ndoto, msome kwa sheria zile. Mtagundua mnasoma kwa makini kuliko mlivyowahi kuisoma riwaya, kwa sababu mwandishi amekaa nanyi, anawatazama, na anaweza kuumia. Nina hakika mkirudi kwenye riwaya hamtauliza tena ufunguo uko wapi.

Na huyo wa namba ya chini ya kioo, siku akikuambia anaijua ndoto yako kukuzidi, usibishane naye. Wahenga walishamjibu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muulize tu jana alilala kitanda gani.